Kandambili ya Mguu wa Kushoto

Kandambili ilimchomoka mguu wa kushoto, naye akaendelea kutembea.

Tulikuwa ufukweni Mjimwema, Kigamboni, saa kumi na moja jioni, maji yamekupwa mpaka mwani umelala juu ya mchanga. Alikuwa mbele yangu kama hatua tatu. Niliiona ile kandambili ya bluu ikibaki nyuma yake, nikadhani atageuka kuichukua. Akapiga hatua ya pili, ya tatu, ya tano. Akakanyaga kombe lililovunjika, ncha juu. Hakushtuka. Nilipomwita, alitazama kwanza mguu, kisha mchanga nyuma yake, kisha akanitazama mimi.

"Samahani, mwalimu," alisema, kama vile kilichopotea ni changu.

Damu ilikuwa imeanza kutoka kisiginoni. Hakuwa na habari nayo mpaka alipoiona kwa macho.

Nitamwita Shabani, ingawa si jina lake. Nilimfundisha fizikia Kidato cha Tatu. Alikuwa anakaa dawati la nyuma, mkimya, na daftari lake lilikuwa safi kuliko la mwanafunzi mwingine yeyote. Leo ana miaka 26. Kwa miaka miwili alizama na mpira wa hewa kutafuta jongoo bahari na kamba kochi, mpaka siku moja ya Kaskazi alipopanda juu akiwa mzima, na robo saa baadaye miguu ikaanza kumkana.

Jioni ile aliniuliza swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki sita sasa.

"Mwalimu, nilikosea wapi? Siku ile sikufanya kitu tofauti na siku nyingine."

## Robo saa

Watu wa bandarini ukiwaambia mzamiaji wanamfikiria kijana aliyejificha melini aende ughaibuni. Mimi nawasema wazamiaji wenyewe, wale wanaoshuka majini.

Kazi yao inafanyika hivi. Katikati ya boti kuna kompresa ya petroli, ile ile ya mafundi wa kujaza upepo matairi. Inatoa mipira miwili mirefu, kila mmoja unaishia mdomoni mwa mtu. Kiunoni mtu anavaa mkanda wa vipande vya risasi ili azame. Usoni miwani, miguuni mapezi kama yapo. Saa hakuna. Kipimo cha kina hakuna. Kina wanakijua kwa kamba, kwa pima, kama babu zao walivyokijua.

Jongoo wa karibu wamekwisha siku nyingi, kwa hiyo kila mwaka kamba inaongezwa. Siku ile walikuwa kwenye pima 13, karibu mita 24. Shabani alishuka mara tatu, kila mara kama saa nzima, na kati ya kushuka na kushuka walipumzika kama nusu saa, wakila mihogo ya kuchemsha. Mara ya tatu alipanda haraka kwa sababu mfuko ulikuwa umejaa na alitaka kuwaonyesha wenzake.

Kwanza bega lilianza kuuma, kama mtu aliyelalia mkono. Kisha maumivu yakazunguka kiuno kama mkanda unaokazwa. Kisha ganzi ikapanda kutoka nyayoni, "kama siafu, mwalimu, lakini siafu wa baridi."

Wenzake walijua la kufanya, au waliamini wanajua. Walimwambia arudi chini akatulie kidogo. Alishuka pima tano akishika kamba, na anasema maumivu yalizimika kama mtu aliyezima redio. Alikaa hapo mpaka mafuta ya kompresa yalipoanza kuisha. Alipopanda, kila kitu kilirudi, tena na zaidi. Usiku ule mkojo ulikataa kutoka.

Zahanati aliyopelekwa ilimpima malaria, ikampa dawa ya maumivu. Aliwaambia ameteleza kwenye boti akaumia mgongo. Hakusema amezama, kwa sababu uvuvi wa namna ile una ugomvi na sheria na aliogopa kuwachongea wenzake. Mama yake, ambaye hakuambiwa ukweli wote na mtu yeyote, alimtafutia mganga wa kumwondoa jini la bahari. Simlaumu hata kidogo. Kijana amekwenda baharini mzima, amerudi hana miguu, na kidonda hakuna. Ungefikiria nini?

Miezi ilipita. Mazoezi ya viungo yalimsimamisha, fimbo ikaachwa. Mguu wa kushoto haujarudi.

Nilimwahidi jibu. Nilidhani litanichukua siku mbili.

## Nyoka wa Boyle

Kila mwaka naandika ubaoni sheria ya Boyle: hewa ikibanwa mara mbili, ujazo wake unabaki nusu. Naleta bomba la sindano lisilo na sindano, naziba tundu kwa kidole, nasukuma, wanafunzi wanaona. Miaka 14 nimefanya hivyo katika shule ambayo kutoka dirishani unaisikia bahari.

Sheria hiyo inaeleza jambo moja la hatari kwa mzamiaji. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukivuta pumzi ya mpira pale, ukaibana, ukapanda nayo, inatanuka mara mbili na mapafu yanaweza kupasuka. Lakini Shabani hakubana pumzi. Alipanda akitoa hewa, kama wote wanavyofundishana. Sheria ya Boyle peke yake haimjibu.

Nikaendelea kusoma, na hapo nikakutana na kitu kilichonifanya nifunge kompyuta na kutoka nje kidogo.

Robert Boyle huyo huyo, miaka michache baada ya sheria yake ya 1662, alimweka nyoka ndani ya chombo cha kioo na kuinyonya hewa iliyomo. Mwaka 1670 alieleza alichokiona: kiputo kidogo kikitembea huku na huku katika maji ya jicho la yule nyoka.

Ndicho hicho kilichompata Shabani. Mtu ninayemwandika ubaoni kila mwaka alikiona kwa macho yake zaidi ya miaka 350 iliyopita, na mimi nilikuwa namfundisha nusu.

Nusu iliyobaki haina ugumu wowote. Hewa tunayovuta, asilimia kama 78 ni nitrojeni. Mwili hauitumii kwa chochote. Inaingia na kutoka. Lakini gesi inayogusana na kimiminika huyeyuka ndani yake kwa kadiri inavyobanwa, na sisi ni watu wa maji kuanzia damu mpaka ubongo. Kwenye mita 24 mgandamizo ni karibu mara tatu na nusu ya wa juu. Kila pumzi ya mpira inasukuma nitrojeni zaidi kwenye damu, na damu inaipeleka kwenye misuli, kwenye mafuta, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo. Muda wote huo hakuna kinachouma. Mtu anaokota jongoo, anaona samaki, anajisikia vizuri kabisa.

Akipanda, mgandamizo unaondoka. Nitrojeni nayo inataka kutoka. Ikipewa muda, inarudi kwa njia iliyoingilia, damu mpaka mapafuni, na mtu anaipumua nje bila kujua. Ikinyimwa muda, inafanya viputo pale pale ilipo.

Madaktari wawili wa Ufaransa, Pol na Watelle, waliwachunguza wachimbaji waliofanya kazi ndani ya hewa iliyobanwa, na mwaka 1854 waliandika kwamba mtu hulipa wakati wa kutoka tu. Nilimsomea Shabani maneno hayo. Alikaa kimya, halafu akasema: "Chini sikuwahi kuogopa hata siku moja."

## Kanga na godoro

Aliyegeuza jambo hili kuwa hesabu ni Mskoti aitwaye John Scott Haldane. Jeshi la Majini la Uingereza lilitaka kujua namna ya kuwapandisha wazamiaji wake bila kuwaumiza, naye akatumia mbuzi. Aliwaweka kwenye chemba ya chuma, akaijaza hewa iliyobanwa, akawatoa kwa namna mbalimbali na kuwatazama. Mbuzi mwenye viputo kiungoni hainui sauti, anainua mguu wa mbele na kuuning'iniza. Mwaka 1908, pamoja na wenzake Boycott na Damant, alitoa majedwali ya kwanza ya kupanda kwa vituo.

Wazo lake kubwa ni kwamba mwili haujai nitrojeni sawasawa wala hautoi sawasawa. Kulieleza hilo sikutafuta mfano mbali. Wakazi wa mabondeni Dar wanajua asubuhi ya baada ya mafuriko, vitu vyote vimeanikwa uani. Kanga inakauka kabla ya saa nne. Shuka inafuata. Blanketi linafika jioni. Godoro unaweza kulianika siku tatu, juu limekauka kabisa, ukiligandamiza kwa kiganja linatoa maji.

Mwilini damu na ubongo ni kanga. Zinapata damu nyingi, zinalowa haraka na kukauka haraka. Sehemu zenye mafuta na viungo ni godoro. Haldane alizigawa tishu makundi matano kwa muda zinaotumia kufika nusu ya kujaa au nusu ya kutoa: dakika 5, 10, 20, 40 na 75.

Nikachukua karatasi ya miraba nikamchorea Shabani siku yake. Zile nusu saa za mihogo: tishu ya dakika 5 imekwisha kutoa karibu yote, mtu anajisikia mwepesi. Tishu ya dakika 75 imetoa kama robo tu. Kwa hiyo mara ya pili alishuka na godoro bichi. Mara ya tatu alishuka na godoro lililolowa mara mbili, akalikandamiza tena kwa saa nzima, akapanda mbio.

Majedwali ya Jeshi la Majini la Marekani yanampa mtu kama dakika 40 kwenye kina kile iwapo anataka kupanda moja kwa moja bila kusimama njiani. Dakika 40 hizo ni za mtu ambaye hajashuka mara nyingine siku ile. Shabani alikuwa anakaa saa nzima, mara tatu, siku tano au sita kwa wiki.

Nilifurahi, lazima niseme. Nilikuwa na jibu lenye mistari na namba. Jumamosi nikavuka kwa pantoni, karatasi imekunjwa mfukoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliufuata mstari wa godoro kwa kidole, polepole, kama alivyokuwa akifuata grafu darasani. Kisha akauliza.

"Sawa, mwalimu. Sasa yule mwenzangu?"

Mpira wa pili siku ile ulikuwa mdomoni mwa mtu anayemzidi miaka 10. Alishuka naye, akapanda naye, mara zote tatu. Jioni ile alikwenda kucheza mpira.

"Na mimi mwenyewe, jana yake?"

Nilikunja karatasi.

## Waliokuwa chemba moja

Hiyo ndiyo wiki iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu niligundua kwamba swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu langu. Mimi nilikuwa natafuta mstari: huku salama, huku hatari, ameuvuka saa fulani. Yeye alikuwa ananiambia ameuvuka mara mamia na mstari haukumfanya kitu.

Nikarudi kwa mbuzi. Mbuzi wawili, chemba moja, muda mmoja, mgandamizo mmoja. Mmoja anatoka na kwenda kwenye majani. Mwingine anainua mguu.

Haldane aliliona hilo. Majedwali yake yalikuwa yanapunguza idadi ya mbuzi wanaoinua mguu, hayakujenga ukuta. Waliomfuata walizidi kuyarekebisha. Robert Workman wa Jeshi la Majini la Marekani alionyesha mwaka 1965 kwamba kila kundi la tishu lina kiwango chake cha kuvumilia: zile za haraka zinavumilia zaidi ya Haldane alivyodhani, zile za polepole kidogo kuliko alivyodhani. Albert Bühlmann wa Zurich akafikisha makundi 16, na hesabu zake ndizo zinazotembea leo ndani ya kompyuta nyingi ndogo ambazo watalii huvaa mkononi wakienda kuzama Mbudya au Mafia.

Halafu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, vipimo vya mawimbi ya sauti vikaleta habari ambayo ilibadilisha kila kitu kichwani mwangu. Wazamiaji wengi wanaopanda bila dalili yoyote, waliofuata jedwali vizuri, viputo vinasikika vikipita kwenye mishipa yao. Hawaumwi. Mapafu yanavichuja.

Kwa hiyo "salama" maana yake ni viputo vichache kuliko mwili wako wa siku hiyo unavyoweza kubeba. Na mwili wa siku hiyo haufanani na wa jana. Umekunywa maji kiasi gani. Umefanya kazi nzito kiasi gani chini. Umepata baridi wakati wa kupanda au la. Tena kuna jambo ambalo mtu hawezi kulijua kwa kujitazama: kama mtu mzima mmoja kati ya wanne ana kijitundu kilichobaki kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo tangu tumboni mwa mama. Maishani mwake huenda kisimdhuru kamwe. Kwa mzamiaji, kijitundu hicho kinaweza kuwa mlango wa viputo kupita bila kuchujwa na mapafu, mpaka kwenye ubongo na uti wa mgongo.

Jambo jingine lilinitia adabu. Nilikuwa nimesoma kuhusu vituo vya kina, yaani kusimama mapema mtu akiwa bado chini sana, kabla viputo havijakua. Wazamiaji wa hali ya juu walikuwa wamelipokea wazo hilo kwa miaka mingi, linaeleweka vizuri, linapendeza kichwani. Nilikuwa nimeliandika kwenye daftari nimpelekee Shabani kama habari mpya. Kisha nikaona kilichotokea lilipojaribiwa. Kituo cha majaribio cha Jeshi la Majini la Marekani kiliwazamisha watu kwa mgandamizo wa mita 52 hivi kwa dakika 30, muda wote wa kupanda ukiwa sawa, ila kundi moja likisimama zaidi kinani na lingine zaidi karibu na juu. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Waliosimama kinani waliumia mara 11 katika mizamo 198. Wengine mara 3 katika 192.

Wakati kanga inakauka kule chini, godoro lilikuwa bado linalowa.

Nililifuta lile wazo kwenye daftari. Nilijiuliza ningekuwa nimewapelekea wangapi kabla sijafika ukurasa ule.

Jibu nililompa Shabani hatimaye lilikuwa fupi. Nilimwambia hakukosea siku ile. Kila siku, kwa miaka miwili, alikuwa anaingiza mkono kwenye pango lile lile. Siku nyingi nyoka hakuwepo.

Alitikisa kichwa. Baadaye sana, tukiwa tumeshaanza kuzungumza mengine, akasema: "Basi mwenzangu bado anaingiza."

## Kurudi chini

Kuna sehemu moja ya kisa chake ambayo wazamiaji wa ukanda wetu wanaijua na wanaitumia, na ambayo inahitaji kusemwa polepole: kwa nini maumivu yalizimika aliporudi pima tano.

Yalizimika kwa sababu viputo vilibanwa vikawa vidogo. Wenzake hawakuwa wajinga. Wale Wafaransa wawili nao waliona wagonjwa wakipata nafuu wakirudishwa kwenye hewa iliyobanwa, na tiba ya leo imejengwa juu ya jambo hilo hilo. Mgonjwa analazwa ndani ya chemba, anapandishiwa mgandamizo wa mita 18, anavuta oksijeni tupu kwa barakoa, anashushwa kidogo kidogo kwa muda wa karibu saa tano. Katikati anapewa vipindi vya hewa ya kawaida, kwa sababu oksijeni ikibanwa sana nayo huwa sumu. Paul Bert wa Ufaransa alilionyesha hilo mwaka 1878.

Tofauti iko kwenye kinachovutwa. Oksijeni tupu haina nitrojeni, kwa hiyo inaivuta ile iliyomo itoke. Mpira wa kompresa unaleta hewa ile ile, nitrojeni ile ile. Shabani alibana viputo vyake huku akijaza godoro upya, ndani ya maji ya baridi, miguu ikiwa haina nguvu, akitegemea injini yenye mafuta ya kuisha.

Kilichotakiwa ni kumlaza chali botini, oksijeni kama ipo popote, maji ya kunywa akiwa na fahamu, na kumwahisha hospitali kubwa ianze kuuliza chemba iko wapi. Chemba za namna hiyo ni chache katika pwani yetu, na kila saa inayopita inapunguza kinachoweza kurudi.

Na maneno matatu mlangoni: "Daktari, nimetoka kuzama."

Hayo matatu nimeyafikiria kuliko namba zote. Hakuyasema kwa sababu aliogopa. Nimekasirika, na sitaficha, kwamba zahanati iliyo karibu na bahari inaweza kumpokea kijana mwenye mabega ya mzamiaji, ganzi ya miguu na mkojo uliokwama, na isimuulize alikuwa wapi asubuhi. Lakini nimekasirika zaidi na hofu yenyewe. Mtu akiamini kwamba kutaja kazi yake kutampeleka polisi, atataja malaria.

## Dakika za nani

Wenzake Shabani waliposikia kwamba mwalimu ana majedwali, waliniita. Tulikaa chini ya mkungu, watu saba, na mwenye boti naye akaja akakaa pembeni juu ya ndoo.

Nilikuwa na shaka tangu nyumbani. Nikiwaambia wapande polepole, mita 9 kwa dakika, yaani pima tano hivi, na wasimame dakika tatu kwenye pima tatu kabla ya kutoka, nitakuwa nimewapa kitu cha kweli. Ndivyo wazamiaji wa burudani wanavyofundishwa kila mahali. Lakini dakika tatu hizo zimekusudiwa mtu aliyekaa chini ndani ya muda wa jedwali. Hazifuti saa tatu za pima 13. Mtu akifunga fundo kwenye kamba akaamini fundo linamlinda, nimemsaidia au nimemtia ujasiri wa kufa?

Na kompresa ile inavuta hewa karibu na moshi wake yenyewe. Hakuna jedwali la hilo.

Kwa muda nilifikiri jambo la haki ni kukataa, niseme tu: acheni. Kilichonizuia ni habari ya Wamiskito wa Honduras, wanaozama kutafuta kamba kochi wanaokwenda kuuzwa nje. Kwa miaka mingi walishushwa kina kirefu, mara nyingi kwa siku, bila mafunzo na bila vifaa vya maana, na wengi wakapooza. Kesi ya wazamiaji 42 ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika, ambayo mwaka 2021 ililibebesha taifa lao wajibu kwa kutosimamia makampuni yaliyowaajiri. Hao pia kila mtu alikuwa anaweza kuwaambia waache. Nani alikuwa anawapa kingine cha kushika?

Basi niliwaambia yote, nusu nzuri na nusu mbaya. Niliwaambia fundo la pima tatu ni bora kuliko kutokuwa nalo, na kwamba haliwatoshi. Kinachowatosha ni kushuka mara chache, kina kifupi, muda mfupi. Niliwaonyesha dakika 40.

Mwenye boti ndiye aliyejibu. Hakuwa na ukali.

"Mwalimu, dakika 40 mtu hajajaza mfuko. Mafuta analipa nani?"

Hakuna aliyesema kitu. Nilitazama karatasi yangu. Nilikuwa na safu ya mita na safu ya dakika, na safu ya shilingi sikuwa nayo.

Walibishana mpaka magharibi. Mwishowe wakakubaliana mizamo miwili badala ya mitatu, na mapumziko marefu kati yake, kwa mwezi mmoja, waone. Mwenye boti alikubali kwa sharti kwamba mtu fulani akae botini na saa, maana wao wakiwa chini hawawezi kujihesabia.

Wote walimgeukia Shabani.

## Pima tatu

Sasa anakwenda nao. Nimempa saa yangu. Kamba ina vipande viwili vya kanga nyekundu vilivyofungwa, kimoja pima tatu, kingine pima nane. Anakaa karibu na mpira, kidole gumba juu yake, na muda ukifika anauvuta mara mbili. Mtu akifika kwenye kitambaa cha juu anakaa hapo mpaka avutiwe tena. Wananiambia ni mkali. Wiki iliyopita kijana mmoja alitoa kichwa mapema, na Shabani hakusema naye neno mpaka boti ilipofika pwani.

Niliwaona wakirudi. Wenzake waliruka majini wakavuta boti. Yeye alishuka wa mwisho, akishika ubavu wa boti, na kabla ya kila hatua alitazama chini kuhakikisha mguu wa kushoto uko pale anapoutaka.

Sijui mwezi ukiisha mwenye boti atasema nini.

Jumatatu ilikuwa zamu ya sheria ya Boyle, Kidato cha Tatu. Nilileta bomba la sindano kama kawaida. Kisha nikachora nyoka, nikachora jicho lake kubwa, na ndani ya jicho duara dogo. Niliuliza nani nyumbani kwao kuna mtu anayezama kwa mpira. Kimya kwanza, maana ni siri za nyumba. Mikono minne ikapanda. Halafu wa tano, wa msichana aliyekaa karibu na dirisha.

Alisubiri mpaka kengele ilipolia na wenzake wakatoka.

"Mwalimu, kaka yangu hajui mita. Ile dakika 40 ni ya pima ngapi?"

Nilichukua chaki nikamwandikia.